Kioo Chenye Alama ya Kidole

Kila asubuhi wakati wa likizo, Karwirwa alifagia nyumba, akanywa uji, kisha akaandamana na shangazi yake hadi maabara moja mjini Embu. Tangu baba yake azikwe kwao Ruiri, hakuwa amelia. Alikula alipoambiwa ale, akalala alipoambiwa alale.

Shangazi yake, Daktari Gatakaa, alichunguza unga mweusi uitwao fulerini.

"Ni kaboni, kama ya makaa," alimweleza, "lakini atomu zake zimejipanga kwa umbo la mpira. Nimepaka utando mwembamba sana juu ya kioo hiki ili nijue umeme unapitaje kwenye uso wake. Hewa ikiingia, umeme hupita kwa shida. Kwa hivyo kikasha hiki kinachokilinda usikifungue."

Siku moja shangazi alitoka kupokea simu. Karwirwa akakifungua kikasha. Hakujua kwa nini. Alikigusa kioo kwa kidole, akangoja kuhisi kitu. Hakuhisi chochote. Akafunga.

Shangazi na mwanafunzi wake Naftaly walipokipima kioo mchana, umeme ulikuwa karibu haupiti kabisa.

"Naftaly, jana ulifunga kikasha vizuri?" shangazi alimuuliza.

"Nilifunga, Daktari. Haki ya Mungu."

"Basi hewa iliingiaje? Hii ni mara ya pili unaniharibia kazi. Afadhali nitafute msaidizi mwingine."

Naftaly alianza kuvua koti lake jeupe. Vifungo vilimshinda. Karwirwa aliitazama mikono ya Naftaly kana kwamba iko mbali sana. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe.

"Ni mimi, shangazi. Nilifungua, nikagusa kioo."

"Mbona ulinyamaza?"

"Sijui. Tangu baba afariki sihisi kitu. Hata kuogopa siogopi."

Shangazi aliketi. Kwanza alimgeukia Naftaly.

"Nisamehe. Nimekulaumu bila kuwa na hakika. Vaa koti lako, tupake kioo kingine."

Walifanya kazi hadi jioni. Kioo kipya kilipopimwa, umeme ulipita vizuri. Naftaly alicheka kwa sauti. Karwirwa hakucheka, lakini alisogea karibu kutazama.

Wakiwa njiani kwenda nyumbani, shangazi alimshika mkono.

"Huzuni hutia moyo ganzi, mwanangu. Ganzi hiyo itaisha polepole, usiiharakishe. Lakini mtu asiumie kwa kosa lako ukisubiri moyo uamke. Ukweli husemwa hata moyo ukiwa na ganzi, na leo umeusema."