Dawa Isiyoshukuriwa

Jioni ile Damari alitumwa kitu kidogo tu, akakate mshubiri. Bibi yake, Matilda, alikuwa jikoni akikoleza moto. Kule Kilolo ukungu ukishaanza kushuka watu hawapendi kuzurura, kwa hiyo bibi alimwambia akate ule wa uani na asiende mbali.

Wa uani ulikuwa umeunguzwa na baridi ya Julai. Majani yamesinyaa, hayana hata tone la utomvu. Mshubiri ulionona ulikuwa mmoja, kule mwisho wa shamba la mahindi, juu ya kaburi la mama yake.

Akaenda huko.

Tuseme ukweli, uso wa Damari ulikuwa umemshinda. Chunusi zilimwanza kidato cha pili na hazikumwonea huruma. Kule Kihesa mjini alikopanga chumba, wenzake wa chuo walimwita Kokoto, naye alicheka nao, kisha usiku akalia peke yake. Alijaribu manjano, limau, mwarobaini wa kuchemsha, na krimu za dukani zilizomchubua kama kiazi. Kilichowahi kumsaidia ni mshubiri na asali, ukipakwa kwa mkono wa mama yake, Anjela. Kila jioni akiwa nyumbani alikaa kwenye kigoda, amefumba macho, mlango uko mgongoni. Na sharti lilikuwa moja: dawa haishukuriwi. Ukisema asante, umeiharibu.

Basi miaka minne alipakwa, akanyamaza.

Anjela alifariki mwezi wa tatu, homa ya siku tatu tu. Damari hakuwahi kumwambia asante hata mara moja. Hilo lilimuuma kuliko chunusi zote.

Ndiyo maana pale kaburini, alipokata jani la tatu na utomvu ukamchuruzika kiganjani, neno lilimponyoka.

"Asante, mama."

Mabua ya mahindi yaliyokuwa yakichakarika yakanyamaza. Yote. Kwa pamoja...

Alirudi nyumbani mbio. Akachanganya dawa, akakaa kigodani, bakuli miguuni, akafumba macho ili ajipake mwenyewe kama yatima wengine wanavyojifanyia mambo yao. Kabla hajachovya...

Kidole kikamgusa kidevuni.

Kilikuwa cha baridi, kimelowa. Kilinukia asali, na chini ya asali, udongo uliofukuliwa leo. Kikapanda taratibu hadi shavuni, kikazunguka mara mbili, kikahamia paji la uso. Alikijua. Hata gizani kati ya watu mia angekijua. Mwingine angepiga kelele. Damari alitokwa machozi ya furaha, na mkono ulipomaliza na kutulia begani mwake, alinong'ona tena, "Asante, mama." Ndipo ukaondoka.

Ikawa hivyo jioni tatu. Uso ukatakata, ukawa laini kama wa mtoto.

Asubuhi ya nne alikuwa akifagia sebule alipoinua macho kwenye picha ya mama yake ukutani, ile aliyopiga na sare ya kwaya. Kidevuni kulikuwa na vipele vyekundu. Mashavuni pia. Kwenye paji la uso vilikuwa vimeiva, vimetunga usaha... na vyote viko ndani ya kioo.

Damari akajishika uso wake. Kila mahali palipopona kwake, pameumuka kule.

Bibi alisema ni unyevu, picha za siku hizi hazina maana. Halafu akasogea, akanusa. Akauliza mshubiri ulikatwa wapi. Damari alipomwambia, kikongwe alikaa chini palepale sakafuni.

"Ulimshukuru?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kila siku, bibi."

"Mama wee." Bibi aliigeukia tena picha. "Ukimshukuru, anajua bado unamhitaji. Na huko aliko hana dawa, mjukuu wangu. Vipele anavitoa kwako, anajipaka yeye."

Damari akauliza afanyeje.

"Leo akimaliza atasubiri. Nyamaza. Akikaa sana, nyamaza. Ataelewa umepona, atapumzika."

Jioni mkono ulikuja. Safari hii vidole vilikuwa na vipele. Damari alivihisi kimoja kimoja vikimkwaruza shavuni, kwa upole uleule, japo hapakuwa tena na cha kuponya. Kisha mkono ukatulia begani.

Ukasubiri.

Damari aliuma upindo wa kanga. Alimpenda mama yake, na ndiyo sababu alinyamaza. Nyuma yake kulisikika pumzi, nzito, ya mtu aliyechoka. Mkono ukampapasa mara moja, kama mtu anayeaga mtoto aliyelala. Hatua zikaelekea mlangoni. Zikavuka kizingiti. Kimya.

Alikaa hadi moto wa jikoni ukazimika. Alipokuwa na hakika ameondoka, ameondoka kabisa, alilisemea bakuli lile neno la asante, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri.

Asubuhi picha ilionekana safi. Bibi alipiga magoti, akasali. Damari akachukua upindo wa kanga, akafuta kioo taratibu. Ndipo alipokiona kipele pichani. Kidevuni. Kidogo, chekundu, kipya.

Hakumwambia bibi. Basi la kwenda mjini lilipita saa nne, naye hakulipanda. Jua lilipozama alikiweka kigoda mahali pake, akakaa, akaupa mlango mgongo, akafumba macho.

Hakuchukua bakuli. Usoni mwake hapakuwa na hata kipele kimoja cha kupakwa.