Sentensi Tano za Msumari

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Msumari alifagia karakana ya baba yake. Hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa, lakini wateja hawakulijua lingine. Tangu utotoni ndiye aliyempa baba misumari, mmoja baada ya mwingine, na mwenyewe alikuwa mwembamba, basi jina likamganda. Sasa alikuwa binti wa miaka kumi na miwili. Alijaza maranda kwenye gunia, akapanga randa na misumeno mezani, akanyunyiza maji sakafuni ili kulaza vumbi. Nyuma ya pazia, chumbani, baba yake alikuwa akikohoa.

Kikohozi hicho kilikuwa na miezi mitatu.

"Vumbi tu," baba alijibu kila alipoulizwa. "Seremala asiyekohoa ni seremala gani? Mvivu huyo!"

Zamani watu waliangua kicheko. Siku hizi hata mwenyewe hakucheka, maana akicheka tu, kikohozi kinamshika. Suruali zake alizifunga kwa kamba zisianguke. Mama, na mtoto wake wa miezi saba mgongoni, alianika shuka kila kukicha kwa jasho alilotoka mumewe.

"Sikiliza, Msumari," baba alimwambia asubuhi hiyo, akimkazia macho. "Mtu yeyote akiuliza, kwetu hakuna mgonjwa. Watu wakisikia habari ya kifua, nani atakuja kuagiza kitanda hapa? Tutakula maranda?"

"Nimesikia, baba."

Kusikia alisikia. Ila moyo wake haukutulia hata kidogo.

Mwalimu wao wa Kiingereza alikuwa mama mfupi, mkali, asiyependa maneno mengi isipokuwa yake. Siku hiyo aliandika ubaoni: no one, none, not one.

"Tazameni," alisema. "Ndani ya haya yote kuna 'one', yaani mmoja. Kiingereza kikitaka kusema hakuna, kinamshika yule mmoja, kinamkana. Na kinakana mara moja tu, msinirundikie 'not' juu ya 'not' kama matofali! No one came. Hakuna hata mmoja aliyekuja. Yametosha."

"Kumbe rahisi, mwalimu!" alidakia mvulana wa dawati la nyuma. Walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Rahisi kuandika, Redio. Ngumu kuwa kweli. Ukisema 'hata mmoja', umeapa kwamba umewahesabu wote. Akitokea mmoja tu upande wa pili, sentensi yako imekwisha."

Mwalimu huyo alikuwa na sharti lake, na wanafunzi walilijua: zoezi liandikwe kuhusu nyumbani, na liwe la kweli. Habari za wafalme wa nchi za mbali hakuzitaka. Aliwapa sentensi tano.

Jioni Msumari alikaa juu ya rundo la mbao na daftari magotini. Aliandika kwa Kiingereza kizuri kwamba nyumbani kwao hakuna hata mmoja aliye mgonjwa. Nyuma yake baba alikohoa mpaka akashika ukuta. Msumari akaendelea. Hakuna hata mmoja anayekohoa. Hakuna hata mmoja anayelia. Aliandika mbili nyingine za namna hiyo hiyo, akalifunga daftari upesi, kama anayefunika chungu chenye harufu mbaya.

Kesho yake mwalimu alizisoma zote tano mbele ya darasa. Vema tano, bila kosa!

"Mpigieni makofi," aliagiza.

"Profesa Msumari!" Redio alipaza sauti, na darasa zima likapiga makofi.

Msumari alitamani ardhi ipasuke immeze. Hajawahi kupigiwa makofi maishani mwake, na sasa anapigiwa kwa uongo! Alikaa akiwa ameinamisha kichwa mpaka kengele ikalia.

Alipofika nyumbani alimkuta baba amepiga magoti kando ya meza ya kazi, msumeno umeachwa katikati ya ubao. Alikuwa akifuta ubao kwa konzi ya maranda, na maranda yalikuwa mekundu.

"Zoa haya," baba alisema kwa sauti ndogo. "Zoa kabla mama yako hajaona."

Msumari alizoa. Mama alikuwa amesimama mlangoni tayari. Machozi yalimtiririka, na mtoto mgongoni mwake akakohoa.

Msumari alilifunga gunia la maranda. Amwambie nani? Baba amekataza, mama amenyamaza, majirani siku hizi wanapita upande wa pili wa barabara. Alilichukua daftari, akaandika kwenye ukurasa unaofuata sentensi nyingine tano, haraka, bila kufikiri, 'not' juu ya 'not'. Baba yangu anakohoa damu. Hakuna mtu anayekuja kwetu. Hakuna hata mmoja wetu anayelala. Hakuna aliyemwambia daktari. Sitaki mdogo wangu afe.

Asubuhi alimpa mwalimu daftari mlangoni. Mwalimu alisoma akiwa amesimama. Kalamu yake nyekundu haikugusa karatasi.

"Zipi za kweli? Za jana au hizi?"

"Hizi, mwalimu. Najua zina makosa."

"Makosa tutayasahihisha watu wakishapona," mwalimu alisema. "Twende kwenu."

Seremala alipomwona mwalimu akiingia na Msumari, alielewa. "Umetuuza, Msumari," alisema. "Umetuuza kabisa."

Msumari alilia kwa sauti. Ndipo mama aliposogea mbele, yeye aliyekuwa kimya miezi mitatu yote. "Usimsingizie mtoto. Aliyepaswa kusema ni mimi. Kama wewe huendi hospitali, naenda na huyu wa mgongoni sasa hivi, ubaki na vumbi lako!"

Wakaenda wote, mwalimu akiwasindikiza.

Makohozi ya baba yalipimwa, na jibu likawa kifua kikuu. Muuguzi alieleza kwamba kinatibika, dawa ni miezi sita bila kuruka siku, na kwamba kila anayeishi naye lazima apimwe. Mama na Msumari walikuwa salama. Mtoto naye hakuwa na ugonjwa, kile kilikuwa kikohozi cha mafua, ila alipewa dawa za kumkinga. Kisha daktari aliiweka picha ya kifua cha baba mbele ya taa.

"Utapona," alimwambia seremala. "Lakini pafu hili moja limeliwa sana, halitarudi. Kupasua mbao na kupiga randa, sahau. Ungekuja miezi mitatu iliyopita, ningekuambia mengine."

Miezi miwili ilipita. Kikohozi kilikuwa kimekoma na suruali zilianza kumkaa baba. Hata hivyo, karakana ilikuwa imefungwa. Misumeno na randa alikuwa amempa fundi mwingine. Mama alishika kazi ya kufua nguo za watu, na kila jioni mikono ilimwasha. Wateja hawakurudi, na majirani waliendelea kupita upande wa pili.

Siku moja baba alimkuta Msumari anafagia karakana tupu, kwa mazoea tu.

"Kaa hapa," alimwambia. "Siku ile nilisema umetuuza. Nilikosea, mwanangu, nisamehe. Maisha yangu yote nimekataa mbao zenye mdudu, hata ziwe zimepakwa rangi. Halafu kifua changu mwenyewe nikakipaka rangi, na brashi nikakushikisha wewe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kimeniacha, lakini kimeondoka na kazi yangu."

"Ningesema mapema, baba..."

"Hapana. Huo ni mzigo wangu, usiubebe. Wewe beba hili moja tu: ukiona jambo la kukutisha nyumbani, mwambie mtu mzima unayemwamini. Siri inayoua haina heshima ya kutunzwa. Na kama anayekukataza kusema ni mimi, baba yako, usingoje hata siku moja."