Gauni la Asiyekuja

"Na safari hii ukija, usisahau kastabini yako," shangazi alisema kwenye simu. "Tangu Krismasi iliyopita ipo pale dirishani, inakula vumbi."

Fundi akasimamisha cherehani. Kastabini hiyo, kikofia cha chuma cha kukinga kidole kisichomwe na sindano, ilimpotea kweli. Aliitafuta chini ya cherehani hata akakata tamaa. Lakini Krismasi iliyopita hakwenda kwao. Wala ya kabla yake. Miaka sita ilipita hajakanyaga ua wa mama yake.

"Shangazi, mimi sikuja."

"Najua," shangazi alinong'ona, kisha akapaza sauti kama mtu aliyeingiliwa chumbani: "Haya, tunakungoja!" Simu ikakatika.

Desemba kwa fundi cherehani ni mavuno, na mkulima gani huacha shamba wakati wa mavuno? Kila mwaka alimwambia mama yake, "Mwakani, mama, Mungu akipenda," na kila mwaka alituma furushi kwa basi. Tangu baba yake yu hai, siku ya Krismasi ukoo mzima ulivaa nguo za kitambaa kimoja, kilichokatwa kwenye jora moja. Fundi alizishona zote, vipimo vya kila mtu anavyo kichwani, na mwisho alijishonea gauni lake, akaliweka juu kabisa ya furushi. "Kivisheni kiti changu," aliwaambia huku akicheka. "Mnihesabu nimo." Hakuwa na nia mbaya. Ulikuwa mzaha wa mtu anayejua amekosea na asiyetaka kuulizwa.

Maneno ya shangazi yalimnyima usingizi. Akawarudishia wateja vitambaa vyao, akavumilia matusi yao, akafunga kibanda na kupanda basi, furushi liko mapajani.

Alifika jioni ya mkesha. Ua ulijaa watu: watoto wanakimbizana, binamu zake wamezunguka sufuria wakimenya vitunguu na kusengenya. Hakuna aliyeinuka kumlaki.

"We Fundi, si ulikwenda kuanua nguo?" binamu mmoja aliuliza, macho kwenye kisu. "Na begi hilo? Unatuhama?"

"Ndiyo kwanza nashuka basini."

Wakaangua kicheko. "Haya mgeni, karibu kwenu! Maji ya kunywa unayajua yalipo."

Shangazi alimshika mkono, akamvuta nyuma ya jiko. Alikuwa amekonda, naye zamani alikuwa mwanamke wa kujaza mlango.

"Usipige kelele," alisema. "Mwaka ule wa kwanza tulilitundika gauni lako kitini, kama ulivyosema. Mama yako akashikwa na upweke, akaliita: Sindano, mwanangu, njoo ule. Sindano, kama anavyokuita mwenyewe. Kiti kikaitika."

"Kikaitika nini?"

"Abee. Asubuhi gauni lilikuwa linafagia ua, na ndani yake mna mtu. Ni wewe, mpaka kovu la kidoleni. Mwanzo alikaa siku moja. Kila mwaka akazidisha. Mwaka jana alikaa mpaka Pasaka. Na safari hii hakungoja furushi."

"Na wote hawa hawaoni?"

"Mwanangu, yupo mtu anayefua, anapika, anamwogesha mama yako. Nani ana haja ya kuuliza?" Shangazi akatazama nyuma. "Nilimleta mganga. Hakuvuka kizingiti. Aliuliza tu, nguo hii kaishona nani? Akasema aliyeishona ndiye atakayeifumua, tena ikiwa mwilini. Akigusa mwingine, atafumuka yeye."

Jua lilikuwa linazama fundi alipoingia kwenye ujia wa nyumba. Harufu ilimfikia kwanza, harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi, harufu ya kibanda chake mwenyewe. Kisha sauti ya cherehani, krrr, krrr, ikatoka chumbani kwa mama yake, chumba ambacho tangu azaliwe hakijawahi kuwa na cherehani. Aliposukuma mlango, ikakoma, na cherehani haikuwamo.

Mama alikuwa amekaa kitandani, miguu yake mibovu imefunikwa shuka. Nyuma yake mwanamke aliyeupa mlango mgongo alikuwa anamchana nywele, polepole, akiwa amevaa gauni la mwaka jana.

"Umefika," mama alisema. Hakushtuka. "Pita, mwanangu. Afadhali umekuja na futi yako. Gauni linambana mwenzako mgongoni. Hebu mpime."

Mikono ya fundi huitii kazi hata moyo unapokataa. Aliitoa futi begini, akaipitisha begani, na bega lilikuwa lake, akaipitisha kiunoni, na kiuno kilikuwa chake cha ujanani, na mwanamke yule aliinua mikono kabla hajaambiwa, kama mtu aliyezoea kupimwa, akivuma kooni ule wimbo usio na maneno ambao fundi mwenyewe huuvuma akiwa kazini na hajawahi kumwimbia mtu, na pale futi ilipozunguka kifua fundi alingoja pumzi iinue kifua, akangoja, isije, akabonyeza kidogo kwa kidole na hakukuta nyama wala mfupa bali kitambaa, na chini ya kitambaa kitambaa kingine, cha mwaka juzi, na cha mwaka ule mwingine, majora yote ya Krismasi zote ambazo hakuja, yamepangwa moja juu ya jingine, yana joto kama yametoka kupigwa pasi sasa hivi.

Mwanamke akageuka. Ulikuwa uso wa fundi, ila haukuwa na uchovu.

Fundi alichomoa wembe wake wa kufumulia, akauingiza kwenye mshono wa ubavuni. Uzi wa kwanza ukakatika. Tik. Yule hakujitetea. Alimtazama mama tu, na ubavuni pale kikaanza kutoka kitu kama pumzi ndefu, yenye harufu ya nyumba iliyofungwa miaka.

Mama akamshika fundi mkono.

"Mama, huyu si mtu!"

"Najua."

"Unajua?"

"Mama atashindwa kumjua mwanawe? Wewe ukinichana unavuta. Huyu havuti." Akavuta shuka magotini. "Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Sasa kwa nini ulimwacha?"

"Kwa sababu alikuja."

Nje watoto walikuwa wanacheka. Mama alizungumza taratibu, bila hasira, na fundi angependelea hiyo hasira.

"Fumua. Ni kazi ya mikono yako, sikukatazi. Ila nijibu kwanza. Keshokutwa nani ataniogesha? Utabaki?"

Ndani ya pochi ya fundi mlikuwa na tiketi ya kurudi.

"Mama, Januari kuna sare za shule..."

Mama aliuondoa wembe vidoleni mwake, kwa upole, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kitu kikali.

"Basi mwongezee inchi moja mgongoni," alisema.

Kastabini ilikuwa dirishani. Fundi aliivaa, akashona kwa mkono mpaka mwanga ukaisha. Siku ya Krismasi ukoo mzima ulivaa kitambaa kimoja, na gauni jipya lililokuwa juu ya furushi halikuvaliwa na aliyelishona. Viti vilipungua kimoja. Fundi alikula jikoni, na shangazi akala naye.

Kesho yake aliaga. Binamu zake walimwambia asichelewe sokoni. Alipofika langoni, dirisha la chumba cha mama lilikuwa wazi.

"Sindano!" mama aliita.

Fundi akageuka, akavuta pumzi aitike.

"Abee, mama," ikajibu sauti yake, kutoka ndani, karibu zaidi.

Fundi akainua begi.