Saa ya Ijumaa ya Mwalimu Riziki

Garimoshi la Kibombo liliingia Kindu limechelewa saa tano, na stesheni nzima ililipuka kwa kelele: magunia ya mpunga, kuku, abiria wakiitana. Katikati ya vurugu hiyo Riziki, mwalimu wa shule ya msingi ya Alunguli, ng'ambo ya mto, alikuwa akikung'uta mifuko mitupu ya sementi. Vumbi lote lilimwangukia Okito, karani wa ofisi ya ukaguzi wa shule, ndani ya abacost nyeusi, suti isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi asubuhi hiyo.

"Ee mama! Unanipaka unga kama samaki?"

"Pole, ndugu citoyen. Lakini sasa unapendeza. Mbele ulikuwa kama muntu wa matanga."

Okito alitaka kukasirika, akashindwa. Mbele yake alisimama mwanamke wa kilemba cha manjano, kikwembe cha kitenge chenye ndege wa buluu, na kicheko kisichoomba ruhusa ya mtu.

"Mifuko hii ya nini?"

"Hii njo karatasi yetu. Kila Ijumaa watoto wangu wanachora na kutunga mashairi."

"Kuchora nako ni masomo?"

"Mtoto asiyeweza kusema anachokiona, utamfundisha nini kingine?"

Okito aliinama. Akajitwika mifuko mpaka kwenye mtumbwi, na Ijumaa iliyofuata akaja tena, na iliyofuata, mpaka wapiga kasia wakamwita "bwana sementi".

Kisha ikatoka amri ya serikali: masomo "yasiyo na faida" yafutwe. Okito ndiye aliyeandika ratiba za shule. Alijua kuna kitu kimoja tu ambacho hakuna mkubwa angethubutu kukigusa: animasio, nyimbo na dansi za kusifu chama tawala. Basi kwenye saa ya Riziki akaandika "Animasio", asimwambie, akajipongeza.

Riziki aliikuta ratiba imebandikwa mlangoni. Alivuka mto siku hiyohiyo, lakini kwa hasira hakutaka kumwona Okito uso kwa uso; akaingia posta, akapiga simu.

"Allo, ukaguzi."

"Umeuza saa yangu, Okito!"

"Mpenzi, ngoja..."

"Usiniite mpenzi! Watoto wangu wageuke kasuku wa wakubwa? Baki na abacost yako!"

Simu ikakatika. Okito hakuweza kueleza neno, kwa kuwa mkaguzi mkuu, citoyen Matata, alikuwa amekaa mbele yake, masikio wazi.

"Ni mwalimu wako wa Alunguli?" Matata akauliza, akipekua nakala za ratiba. "Vizuri. Ijumaa nitakwenda kuiona hiyo animasio."

Ijumaa Okito alimfuata mkubwa wake huku jasho likimtiririka. Riziki hakuficha kitu. Picha za makaa kwenye karatasi za sementi zilijaa ukutani mwa darasa.

"Animasio iko wapi?" Matata akauliza.

 Ndipo akasimama Safi, binti wa mfanyakazi wa reli, mtoto ambaye mwaka mzima hakuwahi kujibu swali darasani. Akasoma:

"Garimoshi lina baba,
kwetu wabaki mlio."

Matata alivua miwani. "Soma tena."

Safi akasoma tena, kwa sauti zaidi, kidevu juu.

Mkaguzi akageukia ratiba. "Nani aliandika 'Animasio' hapa?"

"Mimi," Okito akasema. "Ningeandika 'kuchora', ingefutwa."

Riziki akaziba mdomo kwa mkono.

Matata alimtazama Safi, akatoa kalamu, akaitia ratiba sahihi. "Karatasi inasema animasio. Mimi sikuona kosa. Iendelee kila Ijumaa."

Nje, Riziki alimvuta Okito kwa mkono wa abacost.

"Mjinga wangu! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi? Ulinitukana mpaka simu ikapata moto!"

"Nilikuwa nimekuvunja moyo?"

"Vipande vipande. Sasa nitatuma wajomba kwa baba yako."

"Baba ni mkali."

"Kukushinda wewe?"

Jumapili wajomba wa Okito walivuka mto wamevaa kanzu nyeupe, wakakaa sebuleni kwa baba yake Riziki, wakaanza salamu ndefu za kiungwana: habari za nyumbani, habari za mashamba, habari za mvua. Kabla hawajafika kwenye habari za afya, sauti ya Riziki ilitoka nyuma ya pazia:

"Baba, wakubalie! Salamu watamalizia harusini!"