Mzigo wa Ghala la Mtoni

Hii ilimpata Kalondu, rafiki yangu wa kule Kabati, na Kalondu hata uwongo mdogo humshinda.

Baba yake, mzee Mulei, ni kipofu na yuko karibu kuondoka. Alitaka kujua jambo moja tu: babu yake, aliyechukuliwa na wazungu kubeba mizigo ya vita, aliishia wapi? Kwa hiyo kina mama wa kanisa walipokodi basi kuzuru miji ya wakoloni kando ya Mto Athi, kutoka Kibwezi mpaka Ikutha, Kalondu akaenda. Wengine walienda kupiga picha na kula kuku.

Karibu na Ikutha kulikuwa na ghala la mawe lisilo na dirisha. Kalondu akaingia peke yake. Ilikuwa saa saba mchana, lakini ndani hakuona hata mkono wake. Akasikia miguu mitupu ya watu wengi ikija kwa mstari, halafu mmoja akasimama mbele yake, akihema.

"Nitue, mwanangu," akasema kwa Kikamba.

Kwetu mtu akifika na mzigo unamtua kwanza, salamu baadaye. Kalondu akanyoosha mikono, akapokea.

"Mjinga wewe!" nikamwambia aliponisimulia. "Ukauweka wapi?"

"Sikuuweka. Nilitoka mikono mitupu."

Kalondu ni mwalimu, hajawahi kubeba hata kuni. Alipofika nyumbani, mzee alimpapasa uso. Kidole kikasimama kwenye paji, kikafuata mfereji mrefu kutoka sikio hadi sikio, kama ule ambao ukanda wa mzigo, unaopitishwa kwenye paji, humchimbia mtu aliyebeba miaka mingi.

Mzee hakuuliza habari za babu yake tena.