Profesa Hufumba Jicho Moja

Muoki alikuwa ghorofa moja juu, na Daktari Mourine Andati alikuwa nyuma yake, akipanda.

Ghorofa za Kware hazina lifti. Zina ngazi zenye giza mchana kutwa, mitungi ya maji kila kona, na majirani wanaotaka kujua unaenda kwa nani. Mourine aliruka mtungi, akakwepa jiko la makaa, akamwomba radhi mama aliyekuwa akimenya viazi mlangoni.

"Unakimbizwa ama unakimbiza?" mama akauliza, kisu mkononi.

"Nakimbiza."

"Basi songa! Amepita hapa kama mtu ameona landilodi."

Mourine angecheka. Hakuwa na pumzi ya kupoteza.

Kifaa cha mawasiliano kikakoroma sikioni.

"Daktari, hali?" Ilikuwa sauti ya Chege, mkubwa wake.

"Anaelekea juu."

"Juu kuna nini?"

"Nguo za watu, Mkubwa. Na mbingu."

Mourine alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza kila mtu aliijua: alifundisha kemia ya mimea chuoni, akiwaonyesha vijana jinsi ya kukamua jani mpaka litoe siri yake. Ya pili haikuwa na jina, wala sare, wala sherehe ya kustaafu. Asubuhi hiyo kazi ya pili ilikuwa imemtumia ujumbe wakati anakunywa chai: *Majani yamekauka. Kaanue nguo Kware.*

Maana yake ilikuwa mbaya.

Mgeni mmoja aliyejiita Falk alikuwa amepata mtu wa kumtengenezea sumu ya msunguti. Ni ile ya mishale, ila hii ilisafishwa hadi ikawa unga mweupe kama chumvi ya mezani. Ukiimeza, pengine utatapika tu. Ikikutana na damu, moyo unagoma. Jioni hiyo mjumbe wa mazungumzo ya amani alikuwa atue Nairobi. Angepeana mikono na watu wengi, na mmoja wao angekuwa na sindano ndogo ndani ya pete. Mjumbe angeanguka, vita vya nchi jirani vingewaka upya, na daktari wa hospitali angeandika neno moja: moyo.

Muoki ndiye aliyekuwa mbebaji wa Falk.

Mourine akafika juu. Jua likampiga usoni. Kamba za nguo zilikatiza paa lote. Muoki alikuwa amesimama ukingoni, akageuka, wakatazamana. Kisha akaruka.

Ghorofa za Kware zimebanana kiasi kwamba jirani anaweza kukupa chumvi dirishani. Muoki akatua paa la pili, akajiviringisha, akainuka. Mourine akatoa bastola yake ya Glock, akalenga mgongo.

Mbele ya Muoki, kwenye njia ya risasi, kulikuwa na mwanamke akianika nepi.

Akaishusha bunduki.

"Amenitoka," akasema.

"Sema tena?"

"Amenitoka, Mkubwa. Usinifanye nirudie."

Alipogeuka ndipo alipoyaona majani.

Yalitandazwa juu ya magazeti ya zamani, chini ya blanketi zilizotundikwa ili jua lisiyaguse lakini upepo upite. Kila jani lilikuwa limelazwa kifudifudi. Mtu wa kawaida akitaka majani yakauke huyamwaga juani, akaenda zake. Aliyeyatandaza haya alisomea kazi hiyo, akaisomea kwa kuchapwa.

Pembeni palikuwa na mbao mbili zilizokazwa pamoja kwa mshipi wa suruali. Mourine alipiga magoti, akaufungua. Katikati ya makatoni lilikuwamo tawi la msunguti: majani yake, maua yake meupe, yote yamenyooshwa kwa upole kama nguo ya kanisani.

Akalitazama tena.

Mhalifu gani huhifadhi ushahidi dhidi yake mwenyewe, tena kwa kuupiga pasi? Hakuna. Isipokuwa yule aliyeamini maisha yake yote kwamba mmea usiobaniwa kielelezo si sayansi, ni umbea. Na mtu aliyebana kwa mshipi wa suruali yake badala ya kununua kamba alikuwa mmoja tu nchi nzima.

"Mkubwa. Namjua mkemia."

"Ni nani?"

"Profesa Opicho. Mwalimu wangu."

"Una uhakika?"

"Mwandiko wa mtu unaweza kuuiga. Huu hauigiki."

Chege akashusha pumzi. "Timu imekwama kwenye jamu barabara ya Outer Ring. Uko peke yako. Chupa ya ile sumu isitoke."

"Na mzee?"

"Chupa isitoke, Daktari."

Mourine akalitia tawi katika begi, na mbao zake.

Alijua pa kwenda. Profesa Opicho alipostaafu alikodi chumba mtaani Tassia, nyuma ya kinyozi, akakiita maabara. Wanafunzi wake wa zamani walimcheka sana kwenye gurupu la WhatsApp. Prof anachemsha sukumawiki! Mourine naye alituma kikatuni cha kucheka machozi. Mzee alikuwa kwenye gurupu. Hakujibu.

Bodaboda ya Boxer ikamfikisha kwa mwendo wa kumfanya mtu atubu.

Mlango haukuwa umefungwa. Ndani mlinukia spiriti na majani makavu, harufu ya ujana wake. Mezani mashine ya kukaushia, ambayo watu wa maabara huiita rota, ilikuwa ikizungusha chupa yake ya mviringo taratibu. Mourine aliitambua: ile ile iliyotupwa na idara kama chuma chakavu. Mtu alikuwa ameifufua.

Mzee mwembamba aliyevaa koti jeupe lenye viraka vya viwiko alikuwa amempa mgongo.

"Umechelewa, Andati," akasema bila kugeuka. "Darasa lilianza zamani."

"Weka mikono juu ya meza, Prof."

"Iko juu ya meza. Uliwahi kuona mikono yangu pahali pengine?"

Bunduki yake ilikuwa imara.

"Iko wapi?"

"Hapo." Alionyesha kwa kidevu. Chupa ndogo ya kioo, kama kidole cha mtoto. "Safi. Sijawahi kusafisha kitu safi hivyo maishani."

"Ni ya kuua mtu!"

"Waliniambia ni dawa ya moyo. Na ni dawa ya moyo kweli, inategemea kipimo." Akageuka. Macho yalikuwa mekundu. "Nilipogundua, nilikuwa nimeshamaliza. Lakini sikudanganyi, mama. Nilianza kushuku mapema. Nikaendelea."

"Kwa nini?"

"Nimefundisha mpaka sauti ikakauka. Molekuli nilizozitoa mimi zina majina ya Wazungu. Nikastaafu, wakanipa saa ya ukutani na keki. Halafu huyu mtu akaingia hapa, akakaa kwenye hicho kiti, akaniuliza, Profesa, unajua nini? Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo tangu niache kazi." Akatabasamu vibaya. "Hata wewe."

Mourine akapiga hatua moja kuelekea chupa.

Chuma baridi kikamgusa shingoni.

"Tumekutana tena, siste," Muoki akasema. "Hii Glock leta kwangu."

Nyuma yake akaingia mzungu mrefu aliyevaa suti ya kijivu. Alifunga mlango kwa adabu. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kupita kiasi, kama shati la siku ya kwanza kazini.

"Ni nani huyu mwanamke?"

"Ndiye alikuwa ananifuata Kware."

"Ni mwanafunzi wangu," Profesa akasema. "Alikuwa wa kwanza darasani. Sasa ona."

Falk akamtazama Mourine kama mtu anayetazama inzi kwenye chai. "Tutamshughulikia baada ya jaribio. Wakubwa wangu wamesema nisipokee chochote kabla sijaona madoa mawili yakilingana. Fanya haraka."

Opicho akachukua kipande cha bamba lililopakwa unga wa kupimia. Kwa neli nyembamba akadondosha nukta ya sumu iliyojulikana upande mmoja, nukta ya sumu yake upande wa pili. Akakisimamisha ndani ya gilasi yenye kimiminika kidogo, akafunika. Kimiminika kikaanza kupanda.

Polepole.

Wakatazama wote wanne. Rota ilizunguka. Nje kinyozi alikuwa akibishana na mteja kuhusu ndevu.

"Haraka," Falk akasema.

"Kiambie mwenyewe. Hakijui kwamba una shughuli."

Muoki akacheka puani. Falk hakucheka.

Mourine alipima chumba. Dirisha moja. Muoki nyuma yake kushoto, bastola mkono wa kulia, Glock kiunoni. Falk na bastola yake karibu na meza. Mbali mno. Angejitupa sasa angekufa kabla ya kugusa sakafu, na chupa ingeondoka.

Kimiminika kikafika juu. Profesa akatoa bamba, akalipepea, likakauka.

"Sioni doa lolote," Falk akasema.

"Huwezi kuona. Yanaonekana gizani, chini ya taa ya zambarau. Kijana, funika dirisha na hiyo blanketi."

Muoki akamtazama Falk. Falk akaitikia kwa kichwa, akaichukua chupa mezani, akaishika mkononi. Blanketi ikafunika dirisha.

Profesa akasimama karibu na swichi. Akapangusa jicho la kushoto kwa mkono wa koti, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Akalifumba.

Likabaki limefumbwa.

Mourine akarudi ghafla kimawazo kwenye praktiko yake ya kwanza ya maabara, msichana wa mtaa wa Umoja aliyevaa koti la kuazima. Profesa alipita akiwagonga mabegani. *Fumbeni jicho moja kabla sijazima taa! Moja la kusoma bamba, moja la kutembelea gizani. Sitaki mtu anivunjie chupa!* Waliona ni uzee. Kisha taa ilipozimwa, wasiomsikia ndio waliogongana na stuli.

Mourine akafumba jicho la kushoto.

Swichi ikabonyezwa. Giza. Kisha taa ya zambarau ikawaka, na bamba likang'aa kijani kikali. Madoa mawili meusi yalisimama bega kwa bega.

"Ah," Falk akasema. Akainama, macho yote mawili wazi. Muoki naye akanyoosha shingo. Nani angekataa kuona?

"Yanalingana?" Profesa akauliza.

"Kabisa."

"Basi somo limekwisha."

Akazima taa.

Weusi uliwameza. Mourine akafumbua jicho alilolitunza. Mwanga mwembamba chini ya mlango ulimtosha: vivuli, mikono, chuma. Alipiga kifundo cha mkono wa Muoki, mfupa ukalia. Kiwiko kikafuata taya. Glock ikarudi nyumbani.

"Muoki?" Falk akaita. Akafyatua risasi ovyo. Kioo kikapasuka. Mourine akaona kivuli cha koti jeupe kikimrukia mzungu, mikono miwili iking'ang'ania kitu kidogo.

Akafyatua mara moja. Falk akaanguka akishika goti, akitukana kwa lugha yake ya kuzaliwa.

Kimya. Rota iliendelea kuzunguka kama haikuona kitu.

Mourine akawasha taa. Alipiga teke bastola zote mbili mbali, akawafunga Muoki na Falk kwa kamba za plastiki.

"Prof, tumemaliza. Leta chupa."

Profesa alikuwa ameketi kwenye stuli yake. Kiganja chake kilikuwa kimefumbwa. Akakifumbua. Vipande vya kioo, damu, na unga mweupe ukiyeyuka ndani yake.

Mourine akapiga hatua.

"Glavu!" Mzee alifoka kwa sauti ya darasani. "Usiniguse bila glavu. Nimekufundisha nini?"

Alivaa. Aliosha kile kidonda kwa maji yote yaliyokuwamo, akakaza kifundo cha mkono kwa mpira, akaita ambulensi mara mbili. Profesa alimwacha afanye, kama unavyomwacha mwanafunzi amalize jaribio ambalo jibu lake unalijua. Kidole cha mkono mzima kilikuwa shingoni mwake, kikipima mapigo ya moyo.

"Unarukaruka," akasema kwa makini. "Sasa umekaza. Ajabu. Vitabu viliandika kinyume."

"Nyamaza, Prof. Wako njiani."

"Wako Outer Ring, kwenye jamu kama kila mtu."

Mourine alilia akacheka. "Lile tawi. Ulinibania mimi? Ulijua nitalikuta?"

"Mmea bila kielelezo..."

"Nijibu!"

Profesa Opicho akamtazama kwa jicho moja. Lile la kushoto lilikuwa bado limefumbwa, labda kwa mazoea, labda kwa giza lililokuwa likija. Kidole kikateleza kutoka shingoni; moyo ulikuwa umegoma.

Kifaa kikakoroma. "Daktari! Chupa?"

"Haikutoka."

"Na mzee?"

Mourine akaizima rota. Chupa ya mviringo ikazunguka kidogo, ikasimama.

"Naye hakutoka."

"Timu inaingia. Nenda nyumbani. Chukua wiki."

"Nina praktiko saa nane."

"Mourine..."

"Saa nane, Mkubwa."

Akavua glavu, akazitupa panapostahili, akapita katikati ya wanaume wenye bunduki waliokuwa wakiingia mbio. Nje kinyozi alimwuliza kulikuwa na kelele gani. "Darasa," akasema, akasimamisha bodaboda.

Alipitia kwanza hebaria, hifadhi ya chuo ya mimea iliyobanwa. Akaliacha tawi la msunguti juu ya kaunta, na kwenye lebo, nafasi ya mkusanyaji, akaandika: Opicho.

Saa nane alikuwa mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, koti jeupe, mikono mikavu. Mabamba yalikuwa tayari. Mapazia yameshushwa. Alisimama karibu na swichi.

"Kabla sijazima taa, fumbeni jicho moja."

Minong'ono. Msichana wa mbele akainua mkono. "Lakini kwa nini, Daktari?"

Mourine alikuwa tayari amelifumba la kushoto.

"Fumba," akasema, akabonyeza swichi.