Shukrani Hazihesabiwi

— Mheshimiwa Spika, naomba mwongozo wako.

— Ongea, mheshimiwa. Nakupa dakika mbili, nina kazi.

— Mbili hazitoshi kumweleza mtu kwamba umemkumbuka tangu asubuhi.

Dakika alicheka, simu kaibana kati ya sikio na bega, macho kwenye kompyuta. Ofisi nzima ilimwita Dakika kwa sababu ya kazi yake, kuhesabu dakika za wabunge. Kila mbunge alikuwa na ukurasa wake: amesimama mara ngapi, amezungumza kwa muda gani, kuhusu nini, na kila ilipopigwa kura alisema ndiyo, alisema siyo, au hakuwepo. Mara moja kwa mwaka kurasa hizo zilitolewa ripoti. Wapiga kura waliisoma, na waheshimiwa wengine walianza kuulizana nani kawachongea.

Aliyemwita Spika alikuwa mmoja tu duniani, na ndiye huyo aliyekuwa kwenye simu. Alikuwa msaidizi wa mbunge, tena msaidizi wake pekee. Yeye ndiye aliyeandika hotuba, aliyebeba mkoba, na dereva akiugua ndiye aliyeshika usukani. Walikutana miaka miwili nyuma, alipokuja ofisini kulalamika kwamba bosi wake ameandikwa hakuwepo siku aliyokuwepo. Bosi hakuwepo kweli, lakini malalamiko yalichukua saa mbili na vikombe vitatu vya chai. Wiki iliyofuata Msaidizi alirudi bila malalamiko yoyote.

— Spika wangu, mzee kaniuliza tena habari za ripoti.

— Mzee wako ana dakika arobaini na moja mwaka mzima. Walio chini ya sitini wote wanaingia kwenye orodha ya kimya. Na kura kumi na moja hakuwepo.

— Kura hizo basi, sina la kusema. Lakini arobaini na moja? Hotuba nilizomwandikia mimi zinapita saa nzima.

— Umemwandikia, sawa. Akisimama anaanza kumshukuru Mungu, anamshukuru spika, anawashukuru wapiga kura, anaipongeza timu ya mpira. Akija kumaliza, kengele inalia. Shukrani hazihesabiwi, unajua. Mimi hata sizisikilizi, nazirusha mbele.

— Si uliniambia mwongozo wenu unasema salamu zikigusa jambo la jimbo zinahesabiwa?

— Zinahesabiwa, kama kuna mtu mwenye muda wa kuzichambua.

— Na wewe huna muda? Hata kwa ajili yangu?

Msaidizi akateremsha sauti, ile sauti aliyojua inamfanya mwenzake alegee.

— Ripoti ikipita salama, mzee anatulia, napumua. Jumamosi wazee wangu wanakuja kwa shangazi yako. Safari hii haiahirishwi.

Ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza baba mdogo alivunjika mguu, mara ya pili kamati iliitwa ghafla. Shangazi, aliyemlea Dakika tangu ana miaka sita, alikuwa amefua mapazia mara zote mbili, na sasa alikuwa anasema mapazia yenyewe yatachanika kabla hajamwona huyo mkwe.

— Haya, alisema Dakika. Nitazisikiliza shukrani zake zote, neno kwa neno. Kwa ajili yako, si kwa ajili yake.

— Wanaoafiki waseme ndiyo.

— Ndiyo.

— Walioafiki wameshinda.

Dakika akakata simu akiwa anatabasamu. Kwa maneno hayohayo ndiyo Msaidizi alimchumbia, mbele ya meza hiyohiyo, miezi kumi na minne iliyopita.

Mama Nukta, mhariri wa ripoti, aliinua uso kutoka meza ya pili. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuna nukta iliyowahi kumpita, iwe imezidi au imepungua.

— Unamtafutia mheshimiwa dakika?

— Mwongozo unaruhusu, mama. Zikiwepo nitamwandikia, zisipokuwepo basi.

— Mwongozo unaruhusu, alisema Mama Nukta. Mimi nimeuliza tu.

Dakika alivaa visikio, akafungua rekodi ya kwanza na kumbukumbu zilizochapwa kando yake. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini siku hiyo aliifanya kwa moyo mkunjufu. Mheshimiwa alimshukuru kila mtu aliyepumua. Katika hotuba ya pili aliwapa pole watu wa jimbo lake waliokumbwa na mafuriko, akataja daraja lililokatika. Dakika mbili hizo, zinahesabika. Katika ya tano akawapongeza walimu wa jimbo na kusema madarasa hayatoshi. Nyingine mbili. Akaziandika, akajiona kama mtu anayemshonea mpenzi wake shati la siku ya harusi.

Hotuba ya tisa ilikuwa ya miezi saba iliyopita, kwenye muswada wa maji. Aliikumbuka vizuri. Siku ile Msaidizi alimwandikia ujumbe asubuhi, na yeye akaacha kazi nyingine zote ili amsikilize mheshimiwa moja kwa moja, kwa kuwa maneno yalikuwa ya mpenzi wake. Alizima sauti wakati wa shukrani, kama kawaida yake, akaifungua dakika ya tatu.

Sasa akaanzia mwanzo.

"Mheshimiwa Spika, kabla sijachangia, naomba nimpongeze kijana wangu, msaidizi wangu. Leo hayupo nasi hapa kwa sababu alfajiri hii mke wake amejifungua salama mtoto wa kike. Huyu ni mtoto wao wa pili, Mheshimiwa Spika, na kijana wangu ameniambia mtoto atapewa jina la mama yangu mzazi."

Kwenye kumbukumbu zilizochapwa, baada ya maneno hayo, mwandishi wa bunge alikuwa ameweka neno moja kwenye mabano: makofi.

Dakika alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Akarudisha mara ya tatu. Kwa mazoea ya kazi, kidole chake kilihesabu yale makofi bila yeye kukituma. Yalikuwa sekunde kumi na moja. Ukumbi mzima ulimpigia makofi mume wa mtu, na yeye kwa wakati ule alikuwa ameketi hapahapa, kavaa visikio, anasubiri dakika ya tatu.

Akachukua simu, akatafuta tarehe ile. Ujumbe ulikuwepo, hajafuta hata mmoja tangu siku ya kwanza.

"Spika wangu, niko ukumbini. Mzee anasimama sasa hivi. Msikilize, ujue ni mimi ninayezungumza nawe."

Na jibu lake yeye mwenyewe chini yake: "Nakusikiliza, mpenzi."

Akavua visikio, akaviweka mezani taratibu.

— Mama.

Mama Nukta alimtazama usoni mara moja tu, akavuta kiti, akaja. Alivaa visikio, akasikiliza, akavivua.

— Huyu mheshimiwa ana wasaidizi wangapi?

— Mmoja, mama. Huyohuyo.

— Pole, mwanangu, alisema Mama Nukta. Pole sana.

Na hapo ndipo Dakika alipoishiwa nguvu. Alilia kifuani kwa mama yule mpaka blauzi ikalowa. Alitaka kusema kwamba aliambiwa kazi ni nyingi, kwamba wiki ile mpenzi wake alionekana mchovu na yeye akampelekea matunda, kwamba yale matunda yaliliwa na mzazi.

Saa kumi jioni Msaidizi aliingia, kanyoa vizuri, mkononi keki iliyofungwa kwenye karatasi.

— Mheshimiwa Spika, naomba kuwasilisha.

— Kaa.

— Mbona macho mekundu? Mafua?

— Kaa kwanza. Nimezisikiliza shukrani zote. Kuna moja nataka nikusomee, uniambie kama inahusu jimbo.

Alikaa, bado anatabasamu. Dakika akaisoma kutoka kwenye karatasi, kwa sauti ileile aliyotumia kila siku kusomeana mistari na Mama Nukta, bila kuruka neno. Alipofika kwenye mke wake amejifungua salama, tabasamu la Msaidizi lilikuwa limekwisha. Alisoma hadi mwisho, na makofi pia akayasoma.

Msaidizi akaikodolea macho ile karatasi.

— Hayo hayakuwemo kwenye karatasi niliyomwandikia.

— Najua. Wewe huandiki shukrani. Anaziongeza mwenyewe.

— Sikuwepo siku ile. Hakuna aliyeniambia kwamba alisema hivyo.

— Ulikuwa hospitali.

Msaidizi akaiweka keki mezani.

— Mtoto mkubwa ana miaka mingapi?

— Spika, nisikilize...

— Usiniite hivyo. Ana miaka mingapi?

— Minne.

— Na mimi nina miaka miwili. Kumbe nimezaliwa katikati ya watoto wako.

Alitaka kumshika mkono. Dakika akaurudisha chini ya meza.

— Nitakueleza ukweli wote, alisema Msaidizi. Mara ya kwanza nilitumwa. Mzee alisema tupate mtu kwenye ofisi hii, mtu wa kutuambia mambo mapema. Nikaja. Lakini mara ya pili nilikuja mwenyewe. Naapa. Hakuna aliyenituma mara ya pili.

— Na leo? Leo umetumwa au umekuja mwenyewe?

Akainamisha kichwa.

— Wazee wanaokuja Jumamosi ni akina nani?

— Ningepata namna.

— Nauliza wapo au hawapo.

— Hawapo.

— Ungesemaje Jumamosi asubuhi, na shangazi amekwisha panga viti?

— Ningesema mmoja ameugua.

Alilisema kwa upole, na Dakika akajua kwamba sasa ndiyo anaambiwa kweli. Baba mdogo hakuwahi kuvunjika mguu. Pengine hakuwahi kuwepo baba mdogo. Na yeye alikuwa amemtumia mtu yule pole, na dawa ya kuchulia.

— Nakupenda, alisema Msaidizi. Katika yote niliyokudanganya, hilo si la uongo.

— Ndilo linaloniua, alijibu Dakika. Kwa sababu hilo nakuamini. Ungekuwa hunipendi ningekutukana, ningelala. Wewe umenipenda, na ukaniacha niwe mtu wa kurushwa mbele, kama shukrani za bosi wako. Mkeo anajua kwamba nipo?

— Hajui.

— Basi tulikuwa wawili tusiojua. Nenda nyumbani kwako.

— Na ripoti?

Aliuliza kabla hajajizuia. Akajutia palepale, ilionekana usoni. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na hata Mama Nukta, aliyejifanya anasoma, alifunga macho.

— Ripoti itatoka Alhamisi, alisema Dakika. Chukua keki yako.

Aliichukua. Mlangoni aligeuka, akafungua mdomo kama anayeomba mwongozo, akaufunga tena. Wakasikia viatu vyake vinashuka ngazi, vile viatu ambavyo kwa miaka miwili Dakika alivitambua kutoka chini kabisa ya jengo.

Simu ikaita. Alikuwa shangazi.

— Mwanangu, viti kumi na viwili nimekwisha azima kwa jirani. Vinatosha au niongeze?

— Virudishe, shangazi.

— Wameahirisha tena?

— Hapana. Safari hii nimeahirisha mimi. Ana mke, shangazi. Ana watoto wawili.

Ilisikika shangazi akivuta kiti na kukaa.

— Nani kakwambia?

— Bosi wake. Aliitangaza mbele ya bunge zima, miezi saba iliyopita.

— Na wewe kazi yako ni kuwasikiliza hao.

— Ndiyo, shangazi. Ndiyo kazi yangu.

— Njoo nyumbani, alisema shangazi, na sauti yake ikakatika. Viti nitavirudisha mwenyewe. Njoo tu, usipite popote.

Dakika akaweka simu chini. Mama Nukta alikuwa amesimama kando ya kompyuta.

— Nenda, mwanangu. Ukurasa huu nitaumalizia mimi. Na kama ni mimi, ningempokonya hata zile nne ulizompatia.

— Zile nne ni zake. Daraja lilikatika kweli. Ana dakika arobaini na tano, anaingia kwenye orodha ya kimya, na kura zake kumi na moja zinabaki hakuwepo. Sitaki mtu aseme nilimwandika kwa machungu. Umebaki mstari mmoja tu.

Akakaa. Ulikuwa mstari wa hotuba ya tisa, na mwongozo ulitaka kila salamu iliyopitiwa ielezwe kwa maneno machache: inahusu nini, na inahesabiwa au la. Akaisoma mara ya mwisho ile sentensi iliyompa mwanamke mwingine mume, na mtoto jina. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye herufi za kibodi, na aliandika kwa kuzipapasa.

"Pongezi za familia. Haihusu jimbo. Haihesabiwi."

Mama Nukta aliinama juu ya bega lake, akasoma. Kulikosekana nukta kwenye ukurasa ule, sehemu ya juu, na aliiona. Akaiacha. Alizima kompyuta kwa mkono wake mwenyewe, akamshika Dakika bega, wakashuka ngazi pamoja.